Kikohozi cha Mama Kanta

Mjukuu wangu Muthoni amenikalia kichwani wiki nzima. Ati niandike! Mimi ambaye kalamu nimeishika nikiwa nimebaki na meno manne. Na sababu yake ni filamu. Ameona moja ambayo mama Muhindi anacheka, anafoka, anaendesha gari. "Cucu, siku hizi mama hao wanaonyeshwa kama watu!"

Nikamwambia filamu zimechelewa. Huyo mama mimi nilimwona Embu, wakati wa Hali ya Hatari, Waingereza wakiwasaka Mau Mau.

Alikuwa Mama Kanta, mjane, mama wa tajiri wangu mwenye duka la nguo. Mfupi, sari nyeupe, sauti ya kufukuza ng'ombe shambani. Kila mwezi yeye ndiye alimwamuru mwanawe aniandikie barua ya kazi. Bila barua, homugadi, wale walinzi wenzetu waliotumikia Wazungu, wangenirudisha Kibugu, kwenye kijiji cha kuzungushiwa miiba, nikachimbe handaki na wengine. Mwezi mmoja akakataa, kwa sababu niliunguza sari yake kwa pasi.

"Barua hakuna, Wawira. Mpaka hasira iishe."

Hasira ya Mama Kanta haikuwa na tabia ya kuisha.

Jumapili mchana tajiri alionyesha filamu ya kwao ndani ya ghala la magunia. Sisi wafanyakazi tulikaa nyuma. Sharifa, binti wa muuza nyama wa mtaa wa Majengo, alitufasiria, maana alijidai anajua Kihindi. Mama wa filamu alikohoa, akalia, akapofuka, akafukuzwa na wanawe, akalia tena, mpaka nikaogopa atakauka.

"Huyu ni nani?" nikauliza.

"Ni wa kwa kina Mama Kanta," Sharifa akasema.

Sasa kwetu, mtu wa nyumba yenu akipatwa na makubwa hivyo, wanawake hawakai bure. Jumatatu asubuhi tulifika sita kwa Mama Kanta, kila mmoja na kuni mgongoni, mimi na kibuyu cha uji wa wimbi. Tena nilijua moyo wake ukilainika, barua itatoka.

"Pole, Mama. Tumejua habari ya ndugu yako."

"Ndugu gani?"

"Yule kipofu. Wa ghalani."

Akavua kiatu. "Yule analipwa kulia! Mimi nimezaa saba, nimezika wawili, nimevuka bahari nikitapika. Nani ameniona nalia? Toka na kuni zako!"

Hapo ndipo Nyamu, homugadi, alitokea na bwana shauri, ofisa wa wilaya, kijana wa kizungu mwenye pua iliyoungua jua.

"Wanawake sita!" Nyamu akapaza sauti. "Huu ni mkutano. Kibali kiko wapi? Na wewe Wawira, barua?"

Barua yangu ilikwisha Jumamosi. Nilianza kuhisi mpini wa jembe mkononi.

Mama Kanta akatutazama. Akatazama kiatu chake. Kisha, nakuapia, akajiangusha kwenye ngazi, akavuta sari kichwani, akakohoa kikohozi kile kile cha ghalani, akapapasa hewa.

"Wanangu! Mmeniletea uji?" Machozi sijui aliyachota wapi. Akanitafuta mkono, akashika sikio. "Bwana, huyu ndiye macho yangu."

Nyamu, ambaye juzi tu alitukanwa naye kwa kushikashika kaptura bila kununua, alianza kumnyooshea kidole. Mzungu akavua kofia, akasema pole, akaondoka. Nyamu akamfuata akigeukageuka.

Walipopinda kona, kipofu wetu akasimama.

"Koo limenikwaruza. Lete huo uji." Akaonja. "Hauna pilipili! Nyinyi watu mnaishije?"

Alikunywa kibuyu chote. Kisha akamfokea mwanawe huko dukani aniandikie barua ya miezi sita, upesi. Akaniwekea mkononi yeye mwenyewe.

"Ukisema nililia, naichana."

Nimenyamaza mpaka leo. Sasa wewe unayesoma, usikae tu hapo umekenua. Chukua kalamu uniandikie mama yako hufoka vipi, tena kwa herufi kubwa, macho yangu mabovu. Ya kulia usiniletee. Hayo niliyamaliza ghalani.