Matundu Niliyoyaziba

Mjukuu wangu alinijengea nyumba hapa Kinyamaseke, ambako jua hupiga bati mpaka linalia. Amesomea kuchora majumba, lakini hii aliiga kwa mchwa: matundu chini ukutani, bomba refu juu ya paa. Hewa baridi inaingia chini, ya moto inapanda inatoka. Na mchwa nilimfundisha mimi, si chuo. Alipokuwa mdogo niliuweka mkono wake juu ya kichuguu. "Sikia, kinapumua." Msimu wa kumbikumbi tuliziba matundu yote kwa udongo, tukaacha moja la kuwanasa.

Kwa hiyo siwezi kusema sikujua.

Jirani ndiye aliyenichoma. "Mama, karibu kichuguuni! Mchwa wamepata malkia mnene." Akacheka mpaka akashika uzio. Mimi, bibi wa msomi, nichekwe hivyo? Na kesho yake mfanyabiashara wa Mpondwe alikuwa anakuja kuiona nyumba. Akiipenda, mjukuu angemjengea nyumba ya wageni, kazi yake ya kwanza kubwa. Nilitaka ukuta laini kama wa watu. Nikakanda udongo, nikaziba matundu, nikapaka chokaa, nikasogeza viti mbele ya ukuta huo.

"Bibi, umepaka vizuri," mjukuu alisema alipoingia na mgeni.

Mgeni alikaa, akafungua vifungo vya shati. Jasho likamdondokea kwenye chai.

"Mutoto, hiyo hewa yako iko wapi?"

Mjukuu alitazama bomba, akatazama mchoro wake. "Labda nilikosea kupima, mzee."

Mimi, ninayegombana na soko zima, nikachukua kijiko. Nikamwongezea mgeni sukari. Akaaga bila kuitaja nyumba ya wageni.

Asubuhi nilipanda boda mpaka Mpondwe, nikampata kati ya malori, nikamweleza yote. Akatikisa kichwa, akaninunulia soda.

"Mama, hata bibi yangu angejitwika kosa langu. Rudi nyumbani, jua iko kali."

Nilirudi, nikachokonoa matundu kwa kipande cha nondo. Upepo ukaingia, mapazia yakacheza. Nikampigia simu mjukuu, aliyekuwa amesharudi Kasese.

"Bibi, napima upya kila kitu. Sioni kosa liko wapi."

Nikamuuliza kama amekula. Amekata simu, nami bado nimekaa kwenye upepo wake, simu mkononi, natafuta namba yake tena.