Kamba ya Mkono wa Kushoto

Mwezi uliopita nilirudi Kisangani, nikanunua samaki karibu na maporomoko ya Wagenia. Muuzaji alinifungia kwa uzi wa nailoni wa buluu. Nilimwuliza kama bado kuna mtu anayesokota kamba za punga. "Punga ni nini, mama?" akasema, na wenzake wakacheka. Nikachukua samaki wangu nikaondoka. Lakini wewe, rafiki, nitakueleza.

Ni mmea mrefu unaojiotea kwenye mashamba yaliyoachwa. Katika miaka ya hamsini ulijaa nyuma ya nyumba ya bibi, mzaa mama yangu. Tulikata fito zake, tukapukusa majani, tukazifunga matita na kuyazamisha kwenye maji yaliyotuama, mawe juu yake. Baada ya majuma mawili ganda lilikuwa limeoza, na nyuzi zikavulika kwa vidole. Harufu yake! Hata mbele ya lituma ya moto, ndizi zilizopondwa vizuri, pua ilikutana na punga kwanza. Watoto wa jirani waliniita "Munuko". Wakishakwenda shuleni, uwanja ulibaki kimya, mimi na bibi na nyuzi zilizoanikwa juani.

Mama yangu alikuwa amepanda meli kwenda Leopoldville kumfuata baba, aliyepata kazi huko. Asubuhi ya safari nililia sana, ndipo akanionyesha donge la kamba kikapuni mwa bibi, dogo kama yai. "Hii ikifika kubwa sawa kichwa yako, niko narudi." Watu wazima husema maneno kama hayo ili waweze kuondoka. Mimi niliyaamini.

Bibi alijipaka jivu pajani, akaviringisha nyuzi mbili kwa kiganja cha kulia mpaka zikajipota pamoja. Hakufunga fundo mwishoni. "Ncha iache wazi," alizoea kusema. "Kamba haiishi, iko inangojea ingine." Alipolala mchana, nilichukua donge lake na kuendelea pale alipoishia. Nilisokota haraka hadi ngozi ya paja ikawaka, kisha nikalipima donge na kichwa changu.

Tonton, kaka yake mama, alikuwa mvuvi. Alikata kamba kutoka donge lile akafungia mgono wake mpya, mtego wa samaki alioufuma mwezi mzima. Maji yaliuchukua siku hiyohiyo. Alirudi na kipande kilichobaki, akakitupa miguuni pa bibi.

"Nani alisokota hii? Iko inajifungua yenyewe! Mama, umeanza kuzeeka?"

Bibi alikigeuza kipande, kisha akanitazama. "Sokota, nione."

Nilisokota.

"Bon. Mukono ya kushoto," akasema. "Yangu inapotwa huku, yake inapotwa kule. Ukiunga, moja inafungua ingine."

"Donc mugono yangu imekwenda sababu ya mukono ya mutoto?"

Nikasema nilitaka tu donge likue upesi, mama arudi. Tonton akachukua panga akaenda kukata fito za mgono mwingine.

Bibi aliingia ndani, akatoka na kipande cha kamba chakavu, urefu wa mkono wangu. Mama alikisokota alipokuwa na umri wangu, naye kwa kushoto. Bibi alikihifadhi miaka yote hiyo kwa sababu hakikukubali kuungana na chochote chake. Akanipa ncha. Nikaingiza nyuzi zangu, nikasokota, nikakanyaga upande mmoja na kuvuta kwa nguvu zangu zote. Kamba ilishika.

Tangu siku ile nilikuwa na donge langu peke yangu, kiini chake ni kile kipande cha mama. Lilifika ukubwa wa kichwa changu. Mama hakuja. Nilijiambia kwamba kichwa nacho kinakua, nikaendelea kusokota. Barua zilikuja kwa muda, halafu zikakoma.

Leo nyuma ya pale kwa bibi kuna nyumba za matofali hadi barabarani; sikuona punga hata mmoja. Donge ninalo. Limepita kichwa cha mtu yeyote. Wajukuu wangu wameniomba niwafundishe, nikawafundisha, na wote hutumia mkono wa kulia. Ncha yangu nimeiacha wazi.