Mhandisi Aliyenifundisha Njia za Maji

Naikumbuka siku moja, mwanangu, kule Mpumudde, Jinja, miaka ile ya tisini. Mhandisi Wamono alisukuma kiti chake nyuma, akaniambia polepole, "Binti afande, kaa hapa wewe. Mimi kioo cha kompyuta sikioni tena."

Aliniita hivyo kwa sababu baba yangu alikuwa askari magereza, na Kiswahili cha kambini ndicho kilichotukutanisha, yeye Mgisu, mimi Mteso. Alikuwa amesomea ng'ambo kazi ya kuigiza mwendo wa maji ndani ya kompyuta: unaipa umbo la mto na kasi yake, nayo inakuonyesha maji yatapita wapi kabla hata jiwe moja halijawekwa. Mimi nikiwa msaidizi wake, tulikuwa tunapanga daraja la mto mmoja uteremkao kutoka Mlima Elgon, jirani na kijiji alikozaliwa. Mvua kubwa zikija, mto ule ulichukua watu.

Ugonjwa wa miaka ile ulikuwa umemla mwili, sasa ukafika machoni. Nyumba nyingi ziliujua. Wachache waliutaja kwa jina. Nikamsihi apumzike, kazi ingengoja. Akanikemea, yeye ambaye hakuwahi kunipandishia sauti.

"Nikilala mimi, haya ninayojua yatalala na mimi. Unataka kunizika pamoja na daraja la watu?"

Basi nikakaa. Yeye aliuliza, mimi nikajibu. Nikikosea, alinirudisha mwanzo. Tuliishi jirani na bwawa la umeme, lakini umeme ulikatika, hesabu zikapotea, tukaanza upya. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo, nami nilijiona nawaka huku yeye anazimika.

Alipozidiwa, nduguze wakampeleka Mbale, kwa dada yake Nabuyonga. Kompyuta ilipomaliza hesabu nikamfuata, nikaketi kando ya kitanda.

"Maji yanageuka wapi?" akauliza.

"Nyuma ya nguzo ya kati, mwalimu. Yanazunguka, yanachimba chini."

"Utafanya nini?"

"Nitaisogeza ukingoni."

Kisha akasema, "Sasa mhandisi ni wewe. Mimi niache nipumzike."

Alifariki wiki hiyo hiyo. Jeneza lake tulilivusha mto ule mabegani kwenda kumzika kijijini kwao, maji yakitufika kiunoni, kwa maana daraja lilikuwa bado karatasi tu. Nililia mpaka sauti ikakauka. Daraja lilijengwa baadaye, na limesimama. Watoto hupita juu yake kwenda shule, wala hawamjui.

Mwanangu, aliye na ujuzi karibu nawe mwulize leo. Kuuliza si ujinga, na mauti hayana miadi. Nawe ukijua kitu, usikifungie kifuani. Mgawie mwenzio ungali na pumzi, hata kama inakuuma kujua kwamba yeye ataendelea na wewe utabaki nyuma.

Mungu akujalie mwalimu asiyekuficha kitu, na umri wa kutosha kuwa mwalimu wa mwingine.