Kitini Kilichovishwa Kaki

Kwa muda mrefu nilikana, hata kwa mume wangu, kwamba namwonea mwenzangu wivu. Nilisema natetea haki miliki. Neno zuri hilo, haki miliki. Linaficha wivu kama kitenge kinavyoficha gauni lililochanika.

Tulisoma chuo kimoja, kisha shirika moja likatupa kazi ya kuandika kitini cha kuwafundisha akina mama biashara ya dagaa. Mimi niliandika, yeye akarekebisha. Ndivyo nisemavyo mimi. Mafunzo yalipokwisha nikaacha nakala halisi steshenari, Nyamagana, kama tulivyozoea wahadhiri: anayetaka ananunua fotokopi, nami najiona mwandishi.

Daraja la Busisi lilipofunguliwa ziwani, mwenzangu akaanza kuvuka kwenda huko na maboksi ya kitini hicho hicho, amekichapa upya. Siku moja nikamfuata, eti napita tu. Toka mlangoni mwa darasa lake niliona herufi kubwa, na picha. Akina mama walikuwa wamekivisha jalada la kaki, kama daftari za watoto wao. Mmoja akaniuliza, "Na wewe umekuja kujiandikisha kwa mwalimu?" Sikukishika. Wiki hiyo hiyo sokoni nikafungiwa karanga kwa ukurasa wangu wa kumi na mbili.

Nikaenda steshenari kutangaza kwamba namshitaki mwenzangu. Mwenye duka hakuacha kutoa kopi.

"Madam, na hizi ninazouza mimi, zina ruhusa ya nani?"

"Yangu."

"Haya," akasema, kama mtu asiyetaka kubishana na msomi.

Nikaliandikia shirika kurasa nne, nikidai mwenzangu azuiwe kuuza. Mwanasheria wao akapiga simu nikiwa nasonga ugali. Kijana, kwa sauti.

"Shikamoo, madam. Mkataba mliosaini unasema kitini ni mali ya shirika. Nakala yako unayo?"

Nilikuwa nayo. Sikuwahi kuisoma, mimi ninayewakata wanafunzi maksi kwa kutosoma maelekezo.

"Mwenzako aliomba ruhusa ya kuchapa na kuuza, tukampa kwa maandishi. Aliomba pia jina lako litangulie kwenye jalada. Hujaliona?"

"Lilifunikwa na kaki," nikasema.

"Sasa ile ya steshenari, madam, ndiyo haina ruhusa."

"Nitaiondoa kesho."

"Leo ingefaa zaidi."