Jina Lililofutwa Kwenye Leseni

Karibu na chuo cha Kasapa, katika duka ambamo mimi na wateja wengine tulikuwa tukisubiri, fundi wa kompyuta alikuwa ameokoa mafaili ya mwalimu mmoja wa kike wa chuo hicho kwa programu huria ya kufufua diski zilizoharibika. Akampa na nakala ya programu hiyo yenye jina la duka lake. Mama yule akaikagua.

"Papa, leseni iko wapi?"

"Maman, niliifuta. Hakuna muntu anaisomaka."

"Inaruhusu kugawa, hata kubadilisha. Inakataza tu kufuta majina ya bale batu baliandika programu. Jina moya iko yangu."

Fundi akavua miwani, akairudisha leseni yote mbele yetu. Mama alishukuru kwa sauti ya chini, kama mtu aliyezoea kufutwa.

Nyumbani niliifungua programu hiyo, ambayo nami ninayo, nikausoma ukurasa wa leseni kwa mara ya kwanza. Ni mrefu, unachosha, na umejaa majina ya watu.