Sahani ya Mgeni

Kilichoninyima usingizi hakikuwa woga wa maji. Nilijiuliza kama mtu anaweza kuwa baharia kwenye mashua ambayo kila aliyemo anamsubiri ashuke.

Aliyenichukua ni baba mdogo, nahodha. Nilikuwa nimemaliza chuo, nimerudi nyumbani Buswelu, nimekwenda kwenye usaili mwingi hadi nikaacha kuwaaga wazazi. Mashua yake ni ya mbao, ina milingoti miwili na matanga yenye viraka. Inapeleka saruji Ukerewe na kurudi na mihogo mikavu. Siku ya kwanza, pale kwenye gati la Mwaloni, aliwaambia mabaharia wake watatu, "Huyu ni mtoto wa kaka yangu. Tutakuwa naye mpaka kazi itoke."

Maneno hayo niliyachambua kuliko chochote nilichosoma chuoni. Hakusema mimi ni mwenzao. Alinitaja kama mzigo ulioachwa kwa jirani.

Kwenye mashua ile kila mtu ana kamba yake. Tanga likipandishwa hakuna anayeamriwa. Kila mmoja anajua anashika wapi. Mimi sikupewa kamba. "Msomi, kaa kwenye magunia," waliniambia. "Ukichubuka mikono utasaini na nini huko ofisini?" Wakacheka. Nami nikacheka, kisha kutwa nzima nikajiuliza nilicheka nini. Wakati wa kula, wao na nahodha walizunguka sinia moja la ugali. Mimi nilipakuliwa kwenye sahani, peke yangu, kama mgeni, na kipande kikubwa cha sato juu yake. Utalalamikaje kwamba unaheshimiwa?

Safari moja, tukitoka Ukerewe, upepo wa ghafla ulitupiga. Nahodha akaamuru tanga lishushwe. Niliruka kutoka kwenye magunia, nikashika kamba iliyokuwa karibu na kuivuta kwa nguvu zangu zote. Kumbe ilikuwa ya kulegezwa. Tanga likakwama katikati ya mlingoti, mashua ikalala ubavu, maji yakaingia kwenye mihogo. Baharia mmoja mrefu akaninyang'anya kamba, akailegeza, tanga likashuka.

Nilisubiri matusi. Nilikwisha kumwona mwenzao akitukanwa ukoo mzima kwa kufunga fundo vibaya. Mimi niliambiwa, "Pole, msomi. Hujaumia?" Afadhali wangenizaba kofi.

Tulitia nanga kwenye kisiwa kidogo kupisha upepo. Wakaanika mihogo iliyolowa, wakasonga ugali. Baba mdogo akanisogezea sahani yangu.

"Kula, mwanangu. Tukifika mjini upumzike. Kazi itatoka tu."

Nikaanza kuwaza, kama kawaida yangu. Nikirudi Buswelu nitasubiri kitandani. Nikibaki hapa nitasubiri kwenye magunia. Nikiwafuata kwenye sinia wataona najipendekeza, na wakininyamazia nitalimezaje tonge? Ugali ulikuwa unapoa, na mawazo hayakuwa na dalili ya kuisha.

Nikainuka. Nikamimina ugali na samaki wangu kwenye sinia lao, nikachuchumaa kati ya nahodha na yule mrefu.

"Baba, naomba na mimi kamba yangu."

Baba mdogo aliendelea kutafuna. Yule mrefu akanisukuma kwa kiwiko.

"Sogea basi, mpumbavu wewe. Ulitaka kutuua."

Nikasogea, nikamega tonge.