Mkeka wa Mtu Asiyefiwa

Duka la mfanyabiashara mgeni kutoka kisiwa cha Ceylon, pale mtaani kwetu Kabondo, lilikuwa limefungwa. Mwenyewe alikuwa ameketi barazani, chini kwenye mkeka, amefumba macho, haitikii salamu. Kwetu Stanleyville, miaka ile ya hamsini, mtu akikaa hivyo amefiwa. Nilikimbia kumwita mama mkwe wangu. Mara wanawake wa mtaa wakajaa, vilemba wamefungua, kuni za matanga kichwani, wanalia.

Mgeni akafumbua macho, akashtuka.

"Papa, nani amekufa?" nikamuuliza, nikimwita baba kwa heshima.

"Hakuna mutu amekufa."

Nikapandwa na hasira. Unakaa matanga bila maiti? Unakiita kifo kwetu? Nilimfokea mpaka sauti ikanikauka. Akaeleza kwamba yeye ni mfuasi wa Buddha, na kila asubuhi, kwa kawaida ndani, hukaa hivyo akiufundisha moyo wake kuwahurumia hata watu asiowajua. Ni kazi ngumu, akasema, inataka miaka mingi.

Nikamgeukia mama mkwe. Miaka?

Mama mkwe akatua kuni zake mbele ya mkeka.

"Papa, hata jina lako hatulijui," akamwambia. "Na tumelia."